Benchi la kupimia lenzi: shajara ya mradi

Lengo ni benchi la mbao ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulitumia kupima urefu wa fokasi (umbali hadi pale miale sambamba inapokutana) wa lenzi na wa kioo kilichobonyea, kosa lisizidi milimita mbili au tatu. Vifaa ni ubao, tepu ya fundi, tochi ya LED, lenzi iliyochomolewa kwenye kioo cha kukuzia maandishi, kioo kidogo cha mfukoni, kioo cha kujipambia kinachokuza uso, na lenzi moja ya miwani ya mtu asiyeona mbali. Gharama siandiki kwa fedha kwa sababu bei hazifanani popote. Naandika kilichoharibika, kilichotupwa na kilichokula muda.

Alama zinazotumika: u ni umbali kutoka kiolwa (kitu kinachochorwa na lenzi) hadi lenzi, v ni kutoka lenzi hadi taswira (picha yake), f ni urefu wa fokasi. Kanuni ni ile ya darasani: 1/f = 1/u + 1/v.

8 Februari. Ubao mfupi

Makadirio ya kwanza ya f hayahitaji benchi. Simama upande wa pili wa chumba, elekeza lenzi kwenye dirisha la mbali, sogeza karatasi nyuma yake mpaka miti ya nje itokee kichwa chini. Umbali kati ya lenzi na karatasi ulikuwa kama sentimita 15. (Dirisha, si jua. Lenzi ikielekezwa kwenye jua huunguza karatasi, na jicho halina ngozi ya akiba.)

Ubao uliokuwa karibu ulikuwa na urefu wa sentimita 50. Nikaweka tochi upande mmoja, mbele yake kadibodi yenye herufi F iliyokatwa, lenzi katikati, skrini nyeupe mwishoni. Hakuna taswira iliyotokea. Lenzi ilisogezwa mbele na nyuma, ikafutwa, ikageuzwa, na bado skrini ilionyesha wingu la mwanga tu. Lenzi ikashukiwa bure.

Jawabu lilikuwa ndani ya kanuni yenyewe. Jumla ya u na v haiwezi kushuka chini ya mara nne ya f, na hufika hapo pale tu u na v zinapolingana, kila moja ikiwa 2f. Kwa f ya sentimita 15, kiolwa na skrini lazima viachane angalau sentimita 60. Kwenye ubao wa 50 hakuna pa kuweka lenzi hiyo, hata ungeisogeza hadi asubuhi. Anayenakili mradi huu aanze na dirisha: kadiria f, zidisha kwa nne, kisha ongeza nusu ya jibu ili uwe na nafasi ya kucheza. Hapa hiyo ni sentimita 90. Nilichukua 120 kwa ajili ya lenzi zitakazokuja baadaye.

Ubao wa pili ulichaguliwa kwa kuchungulia kutoka ncha moja, kama mafundi wanavyofanya, ili usiwe na mgongo. Pembeni umepigiliwa ukingo mwembamba. Vibebeo vyote ni vipande vya mbao vyenye mfuo wa kushikilia lenzi au kadibodi, na husukumwa vikiwa vimebanwa kwenye ukingo huo, kwa hiyo haviyumbi kushoto na kulia.

Neno moja kuhusu tepu. Ile ndoano ya mbele ya tepu ya fundi imelegezwa kwa makusudi: hucheza kiasi cha unene wake ili ipime sawa ukivuta au ukisukuma. Kwenye benchi huo ni ugonjwa, kwa sababu sifuri haijulikani iko wapi. Tepu ilikatwa, ndoano ikatupwa, kipande kikagandishwa ubaoni, na kiolwa kikawekwa kwenye alama ya 10. Kila namba inayofuata hapa imeshapunguzwa 10.

13 Februari. Chanzo cha mwanga

Sasa taswira ikapatikana, ila haikuwa ya herufi F. Kwenye skrini palitokea miraba midogo ya manjano yenye kingo kali, huku F ikiwa kivuli hafifu juu yake. Hiyo ilikuwa taswira ya vijipande vya LED vyenyewe. Tochi ina kioo kilichobonyea nyuma ya taa, na LED nyingi zina kuba dogo la plastiki mbele linalofanya kazi ya lenzi. Kwa hiyo mwanga unaofika kwenye kadibodi umeshapindwa na kuelekezwa, na lenzi yetu inachora chochote inachokuta njiani kwenye umbali unaoiafiki. Ukipima hapo, v ni sahihi lakini u ni ya kitu kingine, kilichoko nyuma ya kile unachodhani unakipima.

Dawa ni kuisahaulisha miale njia yake. Karatasi ya kuokea, ile inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma, iligandishwa mgongoni mwa kadibodi, ikigusana nayo kabisa. Sasa kila sehemu ya F inatoa mwanga kuelekea kila upande, na kiolwa ni kadibodi yenyewe. Karatasi ikiachwa sentimita moja nyuma, nyuzi zake huanza kuonekana kwenye skrini na kukuvuruga unapotafuta ukali.

Hasara yake ni kwamba mwanga hupungua sana. Kabla ya karatasi chumba chenye pazia kilitosha, baada yake ilibidi giza kamili. Nilijaribu pia karatasi mbili, zikala mwanga mwingi kuliko faida zilizoleta, zikatolewa.

Kwa nini F? Kwa sababu O au H ikipinduliwa hubaki ileile. F inasema wazi kama taswira imepinduka juu chini, kushoto kulia, au vyote viwili.

21 Februari. Namba zinazopanda

Siku ya vipimo vya kwanza iliharibika mwanzoni: lenzi ikisogezwa, taswira ilihama kutoka katikati ya skrini mpaka ikatoka nje. Kitovu cha F, cha lenzi na cha skrini havikuwa kimo kimoja. Nikachora msalaba kwenye skrini, nikaweka vipande vya karatasi chini ya vibebeo mpaka taswira kubwa na taswira ndogo zikaangukia msalaba uleule. Ni kazi ya kuchosha, lakini haikwepeki.

Kisha vipimo, vyote kwa sentimita, u ikisomwa kwenye mstari uliochorwa katikati ya kibebeo:

u 20, v 54.6, f inatoka 14.6
u 25, v 36.6, f 14.9
u 30, v 30.0, f 15.0
u 45, v 23.1, f 15.3
u 60, v 20.7, f 15.4

Mwanafunzi mwenye haraka atachukua wastani, aandike 15.0, aende zake. Wastani wenyewe si mbaya. Lakini tazama mwenendo: namba hazipandi na kushuka ovyo, zinapanda tu. Kosa la jicho au la mkono hutawanyika pande zote mbili. Kosa linalopanda ngazi kwa utaratibu lina chanzo kimoja, nacho kimejificha mahali.

Kuna dalili nyingine. Mwanga unaweza kurudi kwa njia uliyojia, kwa hiyo u na v zinaweza kubadilishana nafasi. Kama u ya 20 inatoa v fulani, basi u iliyo sawa na v hiyo inapaswa kurudisha v ya 20. Hapa u ya 60 inatoa 20.7, ilhali u ya 20 inatoa 54.6. Benchi halikubaliani na kinyume chake.

Kitu kimoja kinaeleza yote: lenzi haiko pale mstari wa kibebeo unaposema iko. Imesogea kuelekea skrini. Kila u iliyosomwa ni fupi kuliko halisi na kila v ni ndefu kwa kiasi kilekile. Pale u inapokuwa ndogo, upungufu wake ndio wenye nguvu zaidi kwenye hesabu na f hushuka. U ikiwa kubwa, ziada ya v ndiyo inayotawala na f hupanda. Katikati, u na v zinapolingana, makosa mawili hufutana. Ndiyo maana mstari wa 30 na 30 ulitoa jibu zuri bila jasho.

Nilijaribu kupima kwa rula umbali kutoka mstari hadi katikati ya lenzi. Haikusaidia. Lenzi ina unene, imebinuka pande zote mbili, fremu yake imeziba kingo, na rula haina pa kugusa.

28 Februari. Njia ya nafasi mbili

Hii ndiyo hatua iliyookoa mradi. Funga kiolwa na skrini, kila kimoja mahali pake, umbali L kati yao, L iwe kubwa kuliko 4f. Sogeza lenzi peke yake. Kuna nafasi mbili ambapo taswira inakuwa kali: moja karibu na kiolwa, taswira ikiwa kubwa, nyingine karibu na skrini, taswira ikiwa ndogo. Pima d, umbali ambao kibebeo kimesafiri kati ya nafasi hizo. Kisha:

f = (L² − d²) / 4L

Njia hii inaitwa kwa jina la Friedrich Bessel, mwanafalaki Mjerumani (1784–1846), ambaye mwaka 1838 alitangaza umbali wa nyota ya 61 Cygni. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyafuatilia makosa ya vyombo vya kupimia mpaka yajulikane na kuondolewa kwenye hesabu, na kanuni hii ina tabia hiyohiyo. Utamu wake uko kwenye d. Hiyo ni tofauti kati ya nafasi mbili za kibebeo kilekile, kwa hiyo hata lenzi ikiwa imekaa upande kiasi gani ndani ya kibebeo, upande huo hujitoa wenyewe. Huhitaji kujua lenzi iko wapi. Unahitaji kujua imesogea kiasi gani.

L ya 80: mstari wa kibebeo ulisimama kwenye 19.2 na 59.2. d ni 40.0, na f ni (6400 − 1600) / 320, yaani 15.0.
L ya 70: d 26.5, f 14.99.
L ya 90: d 52.0, f 14.99.

Namba zimeacha kupanda. Tena nafasi hizo mbili zinafichua kosa la zamani bure kabisa. Nafasi mbili za kweli lazima ziwe na katikati yao kwenye nusu ya L, yaani 40. Katikati ya 19.2 na 59.2 ni 39.2. Kwa hiyo lenzi imesogea milimita 8 mbele ya mstari. Rudi kwenye jedwali la tarehe 21, ongeza 0.8 kwenye kila u, punguza 0.8 kwenye kila v, na f zote zinarudi kwenye 15.0. Sikuifuta ile orodha ya mwanzo. Inafundisha kuliko hii.

L ndiyo sasa inayobeba mzigo wote. Kadibodi ya F na uso wa skrini lazima viwe hasa juu ya alama zao, si unene wa mbao nyuma yake.

Jambo la ukali wa taswira linastahili aya yake. Nafasi ya taswira ndogo ni ngumu kuiamua, kwa sababu ukisogeza lenzi milimita mbili F bado inaonekana kali. Usisimame pale inapoonekana nzuri kwa mara ya kwanza. Njoo kutoka kushoto mpaka ianze kufifia, andika, njoo kutoka kulia mpaka ianze kufifia, andika, chukua katikati. Nilijaribu pia kuziba lenzi kwa kadibodi yenye tundu dogo. Taswira ilipendeza sana, kwa kuwa kingo za lenzi, ambazo hukusanya miale karibu zaidi kuliko sehemu ya katikati, zilikuwa zimefunikwa. Lakini tundu likiwa dogo mno taswira huwa kali kila mahali, na kupima hakuwezekani tena. Tundu la kipenyo cha sentimita 2 ndilo lililobaki.

7 Machi. Kioo bapa kiko wapi?

Swali linaonekana la kitoto mpaka ulipime. Pini ilisimamishwa sentimita 10.0 mbele ya kioo cha mfukoni, na pini ya pili ikasogezwa nyuma ya kioo hadi ikawa haiachani na taswira hata kichwa changu kikiyumba kushoto na kulia. Sheria inasema umbali wa mbele na wa nyuma ni sawa. Kipimo: 10.5 nyuma ya uso wa mbele.

Sheria haina kosa. Kioo cha kawaida kimepakwa fedha au alumini mgongoni, na mwanga hupita ndani ya kioo kwenda na kurudi. Kioo hiki kina unene wa milimita 4, na kwa kuwa glasi hupinda mwanga kwa kipimo cha takriban 1.5, mgongo wake huonekana uko milimita 2.7 tu nyuma ya uso. Hapo ndipo kioo kinapofanya kazi: si mbele, si nyuma. Ukichora mstari wa kioo kwenye karatasi kwa kufuata uso wa mbele, au kwa kufuata mgongo, miale unayoichora haitakutana kwenye mstari huo. Chora mstari theluthi mbili ya unene kutoka mbele, na pembe zitatulia.

Kioo hichohicho kikawekwa nyuma ya lenzi. Kiolwa kikiwa kwenye fokasi, miale hutoka kwenye lenzi ikiwa sambamba, hugonga kioo, hurudi na kuchora F iliyopinduka pembeni ya F yenyewe kwenye kadibodi. Usomaji wa kibebeo ulikuwa 14.2, ukiongeza 0.8 unapata 15.0. Uthibitisho safi, kwa njia isiyohusiana na ile ya kwanza.

Tahadhari kwa anayenakili: kuna taswira ya uongo. Lenzi ikiwa karibu nusu ya umbali huo, F hafifu hutokea pia kwenye kadibodi, na inaweza kukupa f ya sentimita 7 na kitu. Hiyo imeakisiwa na uso wa nyuma wa lenzi, ambao kwa ndani ni kama kioo kilichobonyea. Kipimo chake ni chepesi: funika kioo bapa kwa mkono. Taswira ya kweli hutoweka, ya uongo hubaki.

16 Machi. Kioo kilichobonyea

Hapa kiolwa na taswira hukaa upande mmoja. Ukiweka kadibodi ya F kwenye kitovu cha mbinuko wa kioo (kitovu cha tufe ambalo kioo ni kipande chake), taswira hurudi palepale ilipotoka, na umbali huo ni kipenyo-nusu cha mbinuko, yaani 2f. Kioo huinamishwa kidogo tu ili F ya kurudi iangukie pembeni ya tundu.

Ugomvi ulikuwa kwenye F yenyewe. Mguu wake wa wima ulikuwa mkali kwenye 79, mikono yake ya mlalo kwenye 82, na hakukuwa na mahali vyote viwili vilikubaliana. Nilipunguza mwinamo wa kioo, tofauti ikapungua kidogo, haikuisha. Mkosaji alikuwa kibanio. Kioo cha kujipambia hiki ni cha plastiki nyembamba, na kibanio kilikuwa kinakikunja upande mmoja, hivyo kikawa na mbinuko mmoja kwa wima na mwingine kwa mlalo. Kibanio kiliondolewa, kioo kikaegeshwa kwenye rafu ndogo kwa madonge matatu ya nta bila kubanwa. F nzima ikatulia kwenye 80.4, kwa hiyo f ni 40.2. Kioo cha kwanza kilipata ufa kwenye jaribio la kukaza kibanio zaidi. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya mradi mzima hadi sasa.

Unene wa plastiki hapa nimeupuuza. Milimita moja kwenye sentimita 80 haionekani, ingawa kwenye pini ilionekana.

24 Machi. Lenzi isiyochora kitu

Lenzi iliyobonyea, kama ile ya miwani, hutawanya miale, na taswira yake haiwezi kupokelewa kwenye skrini. Inabidi iazime nguvu: ibandike kwenye lenzi iliyobinuka unayoijua tayari, pima f ya pamoja, kisha toa. Lenzi mbili zikigusana, 1/f ya pamoja ni jumla ya 1/f zao.

Cheti cha miwani kinasema dayopta −2 (dayopta ni 1 kugawanya kwa f ya mita, na alama ya kutoa ni ya lenzi inayotawanya), yaani f ya sentimita −50. Ikiunganishwa na ya 15, f ya pamoja inapaswa kuwa 21.4, na mara nne ya hiyo ni karibu 86. Hapa ndipo ubao wa 120 ulipolipa.

L ya 100, d 39.3: f ya pamoja 21.14, na lenzi ya miwani ikatoka −51.6. Si vibaya kwa macho ya haraka, lakini njia hii haina huruma: milimita 2 za kosa kwenye f ya pamoja huzaa zaidi ya sentimita moja kwenye jibu. Nikatafuta milimita hizo nikazikuta kwenye fremu ya kioo cha kukuzia, iliyoziachanisha lenzi kwa karibu nusu sentimita. Lenzi zikiachana, kanuni ya kujumlisha haitoshi tena. Fremu ilikatwa, lenzi zikagusana, d ikawa 37.5, f ya pamoja 21.48, na jibu −49.7. Fremu hairudi tena ilivyokuwa.

2 Aprili. Mpaka wa benchi

Kwa nini nisiendelee kutafuta usahihi wa nusu milimita? Nilibadilisha tochi nyeupe kwa LED nyekundu, kisha ya bluu, L ikiwa 80 kama mwanzo. Nyekundu: d 39.6, f 15.10. Bluu: d 40.5, f 14.87. Glasi hupinda bluu zaidi ya nyekundu, hivyo lenzi hii ina fokasi nyingi, zilizopangana ndani ya milimita mbili na kidogo. Kwa mwanga mweupe, f yenyewe ni upana, na benchi limeshaufikia. Ile kingo ya zambarau na machungwa kuzunguka F, ambayo nilidhani ni uchafu wa lenzi, ni hiyohiyo.

LED nyekundu sasa ndiyo imebaki kwenye tochi, kwa sababu rangi moja hurahisisha kuamua ukali, na kila f nitakayoandika kuanzia hapa itatajwa pamoja na rangi yake. Kinachofuata ni chombo cha maji chenye nusu duara, kupima pembe za kupinda. Kuta zake zina unene pia, kwa hiyo kazi ya kwanza itakuwa kujua kitovu cha nusu duara kiko juu ya uso upi.